Pusete ya Magurudumu Matatu: Tazameni la Mbele

Wale wanaonijua hapa kwa maneno ya mosaiki ya mihogo na bei ya mbolea, leo wanisamehe. Leo ninakosoa kitu ambacho hakina majani wala mizizi: pusete, kile kigari cha kusukumia mtoto, na zaidi ile ya magurudumu matatu ambayo imeshika akili za wazazi vijana wa hapa Goma. Nimeinunua, nimeisukuma, na siku moja imeanguka na mtoto wangu ndani. Kwa hiyo nadhani niko na haki ya kuongea.

Binti yetu alizaliwa mwisho wa 2023, kwa kupasuliwa. Kidonda cha mama yake kilichelewa kupona, kiisha maumivu ya kiuno yakaingia, na muganga akasema hakuna kubeba kitu kizito mgongoni mpaka atakapomwona tena. Ndani ya nyumba yetu kukaingia swali ambalo mama zetu hawakulijua: kama mugongo wa mama hauko, mtoto anatembea na nini? Mama mkwe alimbeba wiki mbili, akarudi kwake Butembo. Mimi nilimbeba mikononi, na kila jirani aliyetuona aliuliza kama mama ya mtoto yuko mgonjwa. Kwetu mwanaume anaweza kushika mtoto mikononi mpaka kwa duka la pembeni. Kumfunga mgongoni na kitenge, hapana, watacheka mpaka jua lizame. Nasema ukweli, sikuthubutu.

Njo namna nilifika Birere siku moja ya Jumamosi, kwa wale wanaouza vitu vya okazyoni kutoka Ulaya. Zilikuwako pusete saba au nane, zimefungwa pamoja na kamba kama mbuzi wa soko. Nyingi zilikuwa za magurudumu manne madogo, ya plastiki. Moja tu ilikuwa ya matatu: nyeusi, ndefu, magurudumu makubwa ya kujaza hewa kama ya baiskeli, mpini mmoja wa kushika na mikono miwili. Muuzaji aliona macho yangu.

«Kaka, hii ya tatu njo ya baboss. Ile ya ine ni ya kila mutu.»

«Iko na garanti?»

«Garanti ni macho yako.»

Jibu lilikuwa zuri kuliko nilivyolielewa siku ile. Macho yangu yalitazama kitambaa kama hakijapasuka, yakatazama kofia ya jua kama inafunguka, yakatazama rangi. Nikabishana bei, nikalipa dola 40, nikaisukuma mpaka nyumbani nikijiona mtu. Gurudumu la mbele sikulitazama hata mara moja.

Sasa niseme mapema kosa langu la kwanza, juu liko fupi. Mtoto alikuwa na miezi minne. Kiti cha pusete ile hakilali. Kinaegemea kidogo tu. Kanuni ya Ulaya ya vigari vya watoto, inayoitwa EN 1888, inasema kiti ambacho mgongo wake haufunguki mpaka digrii 150 hakifai mtoto aliye chini ya miezi sita. Digrii 150 ni karibu ya kulala. Sababu yake ni shingo na uti wa mgongo: mtoto ambaye hajajua kukaa mwenyewe anakunjika mbele, kidevu kinagusa kifua. Ile namba ilikuwa imeandikwa kwenye kijikaratasi kilichoshonwa chini ya kiti, pamoja na uzito ambao kigari kinaweza kubeba. Nilikisoma miezi miwili baadaye. Sisi watu wa lisansi, tuliosoma mpaka alama ndogo za chini ya ukurasa kwa ajili ya mtihani, tunanunua kitu cha kubebea mtoto bila kusoma kijikaratasi chake.

Lakini shauri kubwa ni magurudumu.

Kwa nini matatu? Wengi wanajibu: ni ya kisasa. Hilo si jibu. Jibu liko jikoni kwa bibi yako. Mafiga ni matatu, hayajawa manne hata siku moja, juu chungu juu ya mafiga matatu hakichezi hata kama udongo umepanda na kushuka. Weka la nne, utatafuta kijiwe cha kuliinua. Pusete ni vilevile. Ya magurudumu manne yenye fremu ngumu, ukiiweka kwenye njia ya mawe, mara zote kuna gurudumu moja linaloning'inia hewani, na uzito wa mtoto unaruka kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Ya matatu inagusa chini yote matatu, kila wakati. Kwa hapa Majengo ninapokaa, ambako barabara ni mawe ya volkano na vumbi nyeusi katikati yake, hiyo si sifa ndogo.

Kitu cha pili ni ukubwa wa gurudumu, na hapa nawaomba mnivumilie, ni ile somo ya mashine za kilimo ambayo wengi tuliilalia. Chukua jiwe la sentimita 4 kutoka chini. Gurudumu la plastiki lenye upana wa sentimita 16, yaani nusu yake 8, ili lipande jiwe hilo linataka lisukumwe na nguvu ya karibu mara 1,7 ya uzito ulio juu yake. Gurudumu la sentimita 40, nusu yake 20, kwa jiwe lilelile linataka mara 0,75 tu. Kama mbele ya kigari kuna kilo 5, ni tofauti kati ya kusukuma karibu kilo 9 na kusukuma pungufu ya kilo 4. Hesabu hiyo mtu yeyote wa mwaka wa kwanza anaweza kuirudilia kwenye daftari. Ndiyo sababu yenye pusete ya magurudumu madogo unawaona wameigeuza, wanaivuta kinyumenyume, au wameibeba na mtoto wake ndani, watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Kiisha tunaiita kigari.

Mpaka hapa pusete ya matatu inashinda, na ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini kuna upande ambao hakuna mwuzaji atakuambia.

Chora chini pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma yametengana sentimita 60, la mbele liko sentimita 80 mbele yao. Mtoto akikaa vizuri, uzito wake uko karibu na nyuma, tuseme sentimita 20 kutoka kwenye ekseli ya nyuma. Kwa kigari cha miguu minne chenye upana uleule, kutoka uzito ule mpaka ukingo kuna sentimita 30 kila upande. Kwa cha matatu zimebaki 22 na nusu, juu pembetatu inakonda kadiri unavyoenda mbele. Mtoto akijivuta mbele kutazama bata, au kigari kikishuka mteremko, uzito unaenda mbele na ukingo unazidi kukonda: katikati ya kigari zimebaki 15 tu. Kwa hiyo kigari cha matatu hakichezi, kweli, lakini kinaweza kulala ubavu kwa urahisi kuliko cha manne. Faida na hasara zimetoka kwenye gurudumu moja, lile la mbele.

Na gurudumu la mbele lenyewe ni la aina mbili. Kuna lile lililofungwa, linaelekea mbele tu. Ukitaka kukata kona unakandamiza mpini, mbele inainuka, unageuza. Na kuna lile linalozunguka huku na huku kama la viti vya ofisi. Ndani ya nyumba na juu ya sakafu linapendeza sana, unageuza na kidole kimoja. Pusete nyingi za leo ziko na yote mawili: kuna kitufe au kipini kidogo juu ya gurudumu, ukikizungusha linafungwa, ukikirudisha linafunguka. Waliozitengeneza wanasema wazi: ukienda kwenye njia mbaya, au ukikimbia, funga.

Yangu ilikuwa na kile kitufe. Mimi nilifikiri ni kitu kilichovunjika, juu kilikuwa kimeshikwa na vumbi, hakizunguki.

Siku ile tulikuwa tunashuka kutoka nyumbani kwenda barabara ya lami, mimi nikisukuma, mama ya mtoto pembeni na mwavuli. Kati ya mawe mawili kulikuwa na ufa, upana wa kiganja. Gurudumu la mbele lilifika kwenye jiwe, likageuka lenyewe likakaa kimkingamo, likaingia ndani ya ufa na kushikwa. Mimi bado nilikuwa ninasukuma. Kigari kikalala ubavu wa kushoto, polepole kabisa, kama mtu anayesinzia. Hata leo ninaona ile polepole yake, nilikuwa na wakati wa kuona lakini sikuwa na wakati wa kushika. Binti alibaki ananing'inia kwenye mikanda, mkono mmoja umegusa jiwe, paji la uso limechubuka kidogo. Akalia. Watu wakaja. Mama mmoja mwuza ndizi akamtoa mbele hata mimi sijapata akili, akampa mama yake, akaniambia mimi:

«Baba, hiki kintu chenu cha bazungu, mugongo haiangukake hivi.»

Sikuwa na jibu. Mikanda ilikuwa ya pointi tano: miwili ya mabega, miwili ya kiuno, mmoja kati ya miguu. Mke wangu ndiye aliifunga asubuhi ile. Mimi nilikuwa nimesema haina haja, ni fasi ya karibu. Fikirieni wenyewe bila mikanda ile, na mawe yetu yale yanayokata viatu.

Wiki ile pusete ilikaa nyuma ya nyumba. Mama mkwe alipiga simu, habari ilikuwa imefika Butembo kabla ya jua kuzama. «Mukwe wangu,» akasema, «miye sikatazi. Lakini unisaidie kuelewa, hiki kigari walikitengeneza kwa barabara gani?»

Swali la mama mkwe ni swali la mkosoaji kamili, na nikaenda kulitafutia jibu. Kigari cha magurudumu matatu cha namna hii kilianzia Marekani, katika mji wa Yakima, jimbo la Washington. Kulikuwa na mwandishi wa gazeti, Phil Baechler, aliyependa kukimbia na aliyekuwa na mtoto mdogo. Alitaka vyote viwili kwa wakati mmoja. Akachukua kigari cha kawaida, akakifungia magurudumu ya baiskeli, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Baby Jogger, mwaka 1984. Kwa hiyo mama, jibu ni hili: walikitengeneza kwa mtu anayekimbia kwenye njia nzuri. Gurudumu la mbele la wakati ule halikuzunguka, juu mtu anayekimbia anataka kigari kiende moja kwa moja. Lile la kuzunguka lilikuja baadaye, wakati watu wa mijini walipotaka sura ya kigari cha mkimbiaji lakini wakitembea nacho ndani ya maduka. Yaani kitu nilichonunua Birere kilikuwa na miili miwili ndani ya fremu moja: cha njia mbaya, ukikifunga; cha dukani, ukikifungua. Mimi nilipeleka cha dukani kwenye mawe ya Nyiragongo.

Na kuna kingine ambacho kila mnunuzi wa okazyoni anapaswa kukijua. Gurudumu la mbele la vigari hivi mara nyingi linatoka kwa haraka, bila ufunguo: kuna kile kipini cha kufungua na kufunga kama cha baiskeli za mashindano, ili kigari kiingie ndani ya gari. Mwaka 2018, huko Marekani, tume ya serikali inayoangalia usalama wa vitu vya kununua ilishitaki kampuni ya Britax juu ya vigari vya magurudumu matatu vya jina la BOB, vilivyotengenezwa mpaka Septemba 2015. Tume ilisema ilikuwa na ripoti karibu 200 za gurudumu la mbele kuchomoka wakati kigari kinatembea, na watu karibu mia moja kuumia, nusu yao watoto. Kampuni ilikataa kwamba kigari kina kasoro. Ikasema kipini kikifungwa sawasawa hakichomoki. Mwisho wa mwaka uleule walipatana: kampuni ifundishe watu namna ya kufunga, na itoe ekseli nyingine kwa wenye vigari vile, au punguzo la bei kwa kununua kipya.

Mimi si hakimu wa kesi ile. Lakini kitu ambacho kinategemea kufungwa sawasawa kinategemea pia maelezo ya namna ya kufunga, na hapo njo sisi tunaingia. Mwenye kununua kipya kule alipata kitabu kidogo ndani ya katoni. Kigari kikafika kwetu baada ya mikono mitatu na bahari, kitabu hakiko, ekseli pengine imebadilishwa na skrubu ya kitanda. Barua ya kampuni inayosema «leteni tuwabadilishie» haifiki Birere. Kigari kinasafiri, onyo linabaki. Tunajua jambo hili kwa dawa za mashamba: tumeona chupa inauzwa sokoni bila karatasi yake, na mkulima anapima na kifuniko cha soda. Tumeandika vitabu vya mwisho wa masomo juu yake. Kwa pusete ya mtoto wangu sikuliona.

Tuache Marekani, turudi Majengo. Aliyeniokoa hakuwa muuzaji wala intaneti. Ni jirani yetu, mwenye chukudu. Kwa wasomaji wa Lubumbashi na Kisangani ambao hawaijui: chukudu ni kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, mrefu kama kitanda, kinachobeba magunia ya makaa, viazi, mbao, kila kitu, tena mjini tumekijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Yule kijana hakunicheka. Alipindua pusete miguu juu, kama daktari anavyolaza mtu. Akazungusha gurudumu moja moja na kusikiliza. Akashika la mbele akalitingisha huku na huku kwa ekseli yake. Akakanyaga breki ya nyuma, akajaribu kuisukuma kwa nguvu. Akakuta kile kitufe changu «kilichovunjika», akatia mafuta ya moto kidogo, akasubiri, akakizungusha. Klak. Gurudumu likafungwa.

«Yaya,» akaniuliza, «ulinunua hii bila kuipindua?»

Nilinyamaza.

«Miye mbao ya chukudu siinunuake bila kuona chini yake. Na miye niko nabeba viazi tu.»

Hayo yote yalichukua chini ya robo saa, na yalinifundisha kuliko dola 40. Alitazama vitu vinne au vitano tu, na karibu vyote vilikuwa chini, fasi ambayo hatutazami: ekseli ya mbele inacheza au haichezi, kipini chake kinabana au kinateleza, gurudumu linafungwa au halifungwi, rulema zinalia au zimetulia, breki inashika magurudumu yote mawili au moja. Kitambaa hakukigusa. Kitambaa kinashonwa na fundi yeyote.

Kwa jambo la mipira ninaongeza neno langu. Mpira wa hewa ni mzuri kwa mtoto, juu hewa inameza mtikisiko kabla haujafika kichwani mwake, na si lazima uujaze mpaka uwe jiwe. Trekta inapoingia shambani wanaupunguza upepo ili mpira ukae vizuri juu ya udongo. Kwa pusete kwenye mawe ni hekima ileile, kwa kiasi, bila kupita kile kipimo kilichoandikwa pembeni mwa mpira. Lakini mawe yetu yanatoboa. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma namba kwenye mpira. Ukikuta 12½ × 2¼, furahi: ni kipimo cha baiskeli ndogo za watoto, mpira wake na ule wa ndani unaweza kuupata kwa fundi baiskeli. Ukikuta namba ya ajabu ambayo hakuna fundi anayeijua, siku utakapotoboka utakuwa na kiti cha kukalia barazani. Tazama na valvu, iwe nene kama ya pikipiki, juu pompi za barabarani ni za pikipiki.

Kuna rafiki zangu wanaosema maneno haya yote ni ya bure, kwamba pusete si ya kwetu, kitenge kinatosha. Mwingine aliniambia ni kumwacha mtoto mbali na moyo wa mama. Siwapingi kwa kila kitu. Kitenge hakitoboki, hakina ekseli, kinapanda moto, na pusete yangu ya kilo zaidi ya 10 haipandi moto hata ukiikunja. Kwa mji ambao tunaenda kila fasi kwa moto, hiyo ni hasara kubwa ambayo nilipaswa kuihesabu mbele. Na nakumbuka tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano kulipuka, walipotangaza kwamba kata 10 kati ya 18 za mji zihame, na Majengo ndani yake. Tulitembea njia ya Sake na watu wasiohesabika. Niliona watoto wamefungwa mgongoni, niliona chukudu moja imebeba godoro na juu ya godoro watoto wawili na kuku. Pusete sikuiona. Kama siku ile ingerudi leo, tungefunga kitenge na kuacha kigari mlangoni, hata mimi.

Lakini wanaosema kitenge kinatosha, waulizeni: kinatosha kwa mugongo wa nani? Karibu wote walioniambia hivyo ni wanaume, na hakuna hata mmoja niliyemwona amekifunga. Kitenge kinatosha kama mama yuko mzima, na shangazi yuko karibu, na dada mdogo hajaenda shule. Kwetu nyumbani miezi ile mama hakuwa mzima. Pusete, pamoja na makosa yake yote, njo kitu cha kwanza kilichonipa mimi baba kutoka na mtoto saa mbili nzima bila mtu kuniuliza mama yake ana nini. Waliuliza bei. Hiyo inanifurahisha na inaniudhi pamoja. Inaonyesha tungeweza kubeba watoto wetu siku zote, tulingoja tu kitu chenye magurudumu ili tusione haya.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ninunue ya matatu au ya manne, ninauliza kwanza njia yako. Kama unakaa fasi ya lami na sakafu, na unapanda teksi kila siku, chukua ya manne, ndogo, nyepesi, inayokunjika, usijitese kwa sura. Ila hata hiyo ipindue, na uangalie bawaba zake unapoifungua: mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza Marekani juu ya vigari vyake vya kukunja karibu milioni moja, kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto 12. Mtoto asiwe karibu unapokunja. Kama unakaa kwenye mawe kama sisi, na mtoto ameshapita miezi sita, ya matatu ni bora, kwa masharti kwamba gurudumu la mbele ni kubwa, linafungwa, na halichezi kwenye ekseli. Kama sharti moja halipo, mwachie muuzaji kigari chake hata akuteremshie mpaka dola 15. Na mizigo ya soko usiitundike kwenye mpini, weka chini ya kiti. Ukitundika, siku mtoto akitolewa kigari kinaanguka kinyumenyume, au kibaya zaidi kinaanguka yeye akiwa bado ndani.

Sasa mama ya mtoto amepona, anambeba mgongoni kama wote akienda sokoni. Jumamosi ni zamu yangu. Ninaipindua kwanza, ninatingisha la mbele, ninafunga kitufe, ninafunga mikanda mitano, binti akilalamika. Tunashuka mpaka lami, tunafungua kitufe, tunatembea kama watu wa maduka. Tukirudi, kwenye jiwe la kwanza, tunafunga tena. Wiki iliyopita mpira wa nyuma wa kulia ulitoboka karibu na ule ufa wa siku ile. Fundi baiskeli aliuziba akiwa anacheka, mtoto amekaa juu ya paja langu anakula chapati yake, na akaniuliza kama nitauza kigari siku binti akijua kutembea. Nikamwambia aje akipindue kwanza.